Tochi na kisu mfukoni: tunayodanganyana huku nyanda za juu kusini

Huku Mbeya ukionekana na tochi ndogo mfukoni utaulizwa we unalinda wapi, na ukitoa kisu cha kukunja umenye chungwa ndani ya Coaster ya Tukuyu mtu wa siti ya pembeni anaanza kukuangalia mara mbili mbili, wakati nyumbani kwake kuna panga nyuma ya mlango na mundu umechomekwa darini na hakuna anayeshtuka. Mi natembea na vyote viwili kila siku na kwangu ni vitu vya kazi, sio vya ubabe. Uongo mwingi unaozunguka kuhusu hivi vitu unaanzia hapohapo kwenye ubabe: tochi lazima iwe kali kuliko zote, kisu lazima kiwe cha kujihami. Ngoja tuyaseme maana mengine yanaumiza watu.

"Simu ninayo, tochi ya nini?" Hili nalisikia sana kwa vijana wa mjini. Taa ya simu imewekwa pale kwa ajili ya picha, nyingi hazivuki lumeni 50 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga taa inaotoa) na mwanga wake unatawanyika tu, unaona miguuni lakini shimo la hatua kumi mbele hulioni. Alafu fikiria umeme umekatika saa mbili usiku na simu ina asilimia 15, simu hiyohiyo ndo ya kumpigia bodaboda, ndo yenye hela, ndo ya kuita mtu ukipata shida, na we unaimalizia chaji kutafuta kitasa. Mvua ikinyesha, na Tukuyu mvua yake mnaijua, simu unaificha. Tochi ya betri moja ya AA inaingia mfuko wa shati na haiogopi maji kama ni nzuri, angalia tu imeandikwa nini: IPX4 inavumilia maji ya kurukiwa, IPX7 imepimwa kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Sasa kwenye kununua ndo watu wanapigwa. Pita Mwanjelwa au Mlandege pale Iringa uangalie maboksi ya tochi, lumeni 50,000, lumeni 100,000, na muuzaji anakwambia kaka chukua hii inapiga kilomita mbili. Tufanye hesabu kidogo. LED nzuri ya tochi inatoa lumeni kama 100 kwa kila wati moja ya umeme. Kwa hiyo lumeni 100,000 zinataka wati 1,000, huo ni umeme wa pasi, na kitochi chenyewe kinashikwa kwa vidole viwili, huo umeme unatoka wapi? Hakuna. Tochi ndogo ya ukweli ya kutembea nayo ni lumeni 100 mpaka 1,000 na ile 1,000 yenyewe haikai, baada ya dakika chache inapata moto na kama imetengenezwa vizuri inajipunguza yenyewe. Mtu akiona hivyo anasema tochi mbovu imefifia, kumbe inajilinda isiungue.

Betri nayo ni hivyohivyo. Zile za duara za kuchaji, zinaitwa 18650 kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu 65, chaji yake ya kawaida ni volti 3.6 au 3.7 na ikijaa ni 4.2. Betri halisi ya saizi hiyo iliyo nzuri kabisa inabeba kama 3,500 mAh, yaani kipimo cha chaji inayoingia ndani. Ukikuta imeandikwa 9,900 mAh achana nayo, haijalishi imefungwa nailoni ya rangi gani. Njia rahisi ni uzito, ya ukweli ina gramu 45 mpaka 50 hivi, ukiishika mkononi unaisikia, zile feki ni nyepesi kwa sababu ndani hamna kitu cha maana.

Na ile "inapiga mita 200" ina maana gani? Kuna kipimo cha Marekani kinaitwa ANSI FL1, kilitoka mwaka 2009, tochi za makampuni yanayojiheshimu zinapimwa nacho. Mita zinazoandikwa ni pale mwanga unapofika 0.25 luksi (luksi ni kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu), yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mwanga huo unaona kwamba kuna kitu, hujui ni mbuzi au mtu. Kuona vizuri gawa kwa mbili. Pia muda wa betri unaoandikwa unahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo, kwa hiyo "masaa 30" sio masaa 30 ya mwanga ule ulioonyeshwa dukani.

Hapa sasa kwenye ukungu nataka nikae kidogo kwa sababu ni jambo letu sisi, mtu wa Dar hajui ukungu wa Isyonje au wa Njombe mwezi wa sita. Watu wanaamini tochi kali ndo inapenya ukungu. Ni kinyume kabisa. Ukungu ni matone madogo sana ya maji, na kila tone linarudisha mwanga kwako, ukiongeza ukali unaongeza ukuta mweupe mbele ya macho. Tochi ya kichwani ndo mbaya zaidi kwa sababu mwanga unatokea palepale juu ya macho na unarudi palepale. Punguza mwanga, teremsha mkono mpaka usawa wa kiuno au hata goti, elekeza chini hatua chache mbele yako. Utashangaa njia inavyotokea, na kwa sababu mwanga unatokea chini kila jiwe na kila shimo linatupa kivuli kirefu kwa hiyo unaliona mapema. Hii ya kushika chini inafaa hata siku isiyo na ukungu.

Na wale wa bodaboda wanaosema taa ya njano ndo inapenya, hapana. Tone la ukungu ni kubwa mara nyingi kuliko mawimbi ya mwanga wa rangi yoyote, kwa hiyo linatawanya njano na nyeupe karibu sawasawa. Njano inaweza ikawa haikuchoshi macho sana, hilo sawa, ila kupenya haipenyi. Kinachosaidia ni taa kukaa chini na kupunguza mwendo.

Jambo lingine, macho yakiwa yanazoea giza yanachukua dakika 20 mpaka 30 kufikia uwezo wake, ukijimulika na mwanga mkali sekunde moja tu unaanza upya. Kwa hiyo tochi yenye mwanga mdogo kabisa, lumeni 5 au hata 1, ina maana kubwa kuliko ile ya lumeni laki moja. Kuamka usiku kumwangalia mtoto, kutafuta funguo, kwenda chooni nje, lumeni 5 zinatosha sana na betri inakaa siku nyingi.

Tuje kwenye kisu. "Anayetembea na kisu ni kibaka." Wengine wanasema upande wa pili, "mi natembea nacho kwa usalama wangu, vibaka wengi." Wote wawili wanakosea kwa sababu ileile, wanakiona silaha. Kisu cha kukunja chenye ubapa wa sentimita 7 ni cha kukata kamba ya gunia la viazi, kufungua mfuko wa mbolea, kumenya muwa, kukata waya wa nailoni, kutoa mwiba. Kwenye ugomvi hakifai kabisa. Vingi unahitaji mikono miwili kukifungua, hakina kizuizi cha mkono kwa hiyo ukichoma kitu kigumu mkono wako mwenyewe unateleza unaenda kwenye makali, na visivyo na loki vinajikunja kwenye vidole vyako. Ukitoa kisu kwa mtu anayetaka simu, umegeuza wizi wa simu kuwa msiba. Mpe simu. Tochi ingekusaidia zaidi, uone njia mapema, umulike kona kabla hujafika.

Sheria nayo isipuuzwe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kile kile shambani Rungwe ni kifaa, mlangoni mwa baa saa sita usiku ni silaha, na ukimjibu askari "ni cha kujihami" umeshajieleza vibaya mwenyewe. Ukienda uwanja wa Sokoine kuangalia mpira, mahakamani, benki, mkutanoni, kiache nyumbani. Kazini kiwe ndani ya begi au mfukoni kimekunjwa, kitoke pale kuna kitu cha kukata, kirudi.

"Usikinoe sana kitakukata." Hapana jamani, kisu butu ndo kinakata watu! Kikiwa butu unasukuma kwa nguvu, kinateleza kwenye ganda la muwa au la nyanya, na zile nguvu zote zinaishia kwenye kidole cha mkono wa pili. Kikali kinaingia palepale ulipoweka. Na sisi wa parachichi tuangalie sana, wengi wanashika nusu ya parachichi kiganjani alafu wanachoma kokwa kwa ncha. Mwaka 2017 mmoja wa viongozi wa chama cha madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile kule Uingereza alitaka kabisa parachichi zibandikwe tahadhari kwa jinsi watu walivyokuwa wanafika hospitali wamejikata mishipa na neva za kiganja. Liweke mezani, zungushia kisu, lipinde ligawanyike, kokwa toa na kijiko.

Kunoa usipeleke kwenye grainda. Najua ni haraka na cheche zinapendeza, lakini ubapa mwembamba unapata moto kwa sekunde, ukiona rangi ya bluu imetokea kwenye makali ujue chuma kimefika nyuzi 300 hivi na ugumu wake umeondoka pale, utanoa leo kesho butu. Tupa nayo ni ya panga na jembe, inakula chuma kingi. Tumia jiwe la kunolea na maji, pembe ya nyuzi 20 kila upande. Kuipata simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, alafu nusu tena, hapo uko karibu. Huna jiwe, geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyo na ung'avu inanoa vizuri tu.

Stenlesi inapata kutu, hilo fupi. Kinachokifanya kiitwe stenlesi ni kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, inachelewesha kutu, haizuii milele, hasa ukikikunja na maji ya ndimu au utomvu wa ndizi ndani. Futa, kausha, ndo ukunje.

Sasa hili la nyoka ndo lililonifanya niandike. Wapo wanaobeba kisu, au wembe, wakiamini kwamba ukigongwa na nyoka unachanja pale, unanyonya, sumu inatoka. Mbarali, Chunya, Kyela, Pawaga, kote nimesikia. Usichanje. Sumu haikai pale juu ikikusubiri, imeshaingia ndani, unachofanya ni kuongeza kidonda, damu isiyoganda na wadudu wa kwenye kisu. Kufunga kamba kwa nguvu vilevile, kwa kifutu ambaye sumu yake inaozesha nyama, kamba inaifungia sumu pale na mguu unaweza kupotea. Jiwe jeusi wanalobandika kwenye jeraha halivuti sumu. Cha kufanya ni mtu atulie, mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba, mguu au mkono usichezeshwe, ufunge na ubao kama unavyofunga mfupa uliovunjika, aende hospitali haraka kwa gari au pikipiki asitembee. Kisu chako kazi yake hapo ni kupasua kanga upate vitambaa vya kufungia. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na wanaoumia wengi ni wakulima na watoto. Na kifutu yeye hakimbii akisikia hatua, analala palepale njiani amefanana na majani, unamkanyaga. Hapo tochi ya elfu chache mkononi ina thamani kuliko kisu chochote.

La mwisho kwa wanaosafiri. Wengi wakipanda ndege Songwe wanajua kisu hakiingii na wewe, kinaenda kwenye begi la kupima uzito, sawa. Ila wanachukua na betri za akiba za tochi wanazitupa humohumo, hapo ndo wanakosea, betri za lithiamu za akiba na pawabenki zinatakiwa ziwe na wewe kwenye begi la mkononi, kwa sababu zikishika moto mtu aone na azime. Kikomo bila kibali ni wati-saa 100 kwa betri na 18650 moja haifiki hata 15. Zibandike selotepu kwenye vichwa au ziweke kwenye kiboksi chake cha plastiki, na hata ukiwa huku mtaani usiiweke betri isiyofunikwa mfuko mmoja na funguo au sarafu, chuma kikigusa pande zote mbili inapata moto ikiwa pajani kwako.