Kusafisha goti si kuliponya

Imani kwamba goti lililosagika "likisafishwa" kwa upasuaji maumivu yatakwisha ni ya miaka mingi, na vifaa vinavyokwangua gegedu bovu (utando mlaini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti) kwa mitetemo ya mawimbi ya sauti vinaweza kuipa nguvu mpya. Inavutia, hasa kwa mzee anayeshika ukuta kila akishuka ngazi. Lakini msingi wake ni dhaifu.

Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiharibika hujirekebisha kwa shida sana. Kulikwangua hulainisha uso wake tu. Kilicholika hakirudi, kifaa kiwe cha aina gani.

Jaribio lililotikisa imani hii lilifanyika Houston, Marekani, likiongozwa na daktari Bruce Moseley, na kuchapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 180 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walikwanguliwa gegedu, wengine wakaoshwa goti kwa maji, na wengine wakachanjwa ngozi tu wakashonwa. Hakuna mgonjwa aliyejua amefanyiwa nini. Naona hapo ndipo penye uzito wake, maana matumaini peke yake hupunguza maumivu. Miaka 2 baadaye, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu.

Goti linalokwama kabisa, pengine kwa kipande kilichokatika ndani, ni suala jingine. Hilo alipime daktari wa mifupa. Kwa msagiko wa kawaida, kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya paja husaidia zaidi: kaa kitini, nyoosha mguu, ushikilie kidogo, ushushe polepole.