Kabla Mtoto Hajaacha Fizikia

Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yakishatoka mwezi Januari, nje ya ofisi yangu ya taaluma panakuwa kama zahanati siku ya kliniki. Wazazi wanakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Wengine wamepanda na daladala kutoka mjini Moshi, wengine wameamka alfajiri Rombo au Usa River, na karibu wote wana swali moja: mtoto anaingia kidato cha tatu, abaki na masomo yapi na aache yapi?

Mama mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni alinisalimia, akakaa, akafungua pochi na kutoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa kaka yake anayeishi Dar es Salaam, ambaye alikuja kula Krismasi nyumbani kama watu wote wa huku mlimani, na kati ya nyama na mbege akampangia mpwa wake maisha. Mstari ulikuwa mmoja: "Fizikia aache, inamshushia wastani. Asomee udaktari."

"Mwalimu, mjomba wake ndiye anayelipa ada," mama akasema, kama mtu aliyekwisha kutoa hoja yake yote.

Karatasi ya namna hiyo naiona kila mwaka, mwandiko tu ndio unaobadilika. Udaktari wa binadamu, iwe unaomba Muhimbili au hapa hapa KCMC, unadai ufaulu wa kidato cha sita katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Aliyeacha Fizikia kidato cha tatu hana njia ya kuingia PCB. Atabakiwa na tahasusi (masomo matatu ya kidato cha tano na sita) kama CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, ambayo ni nzuri kwa anayetaka kilimo au mazingira, lakini mlango wa udaktari haifungui. Kuna wazazi husema basi, kama chuo kikuu kimeshindikana, atapitia stashahada ya utabibu kisha apande polepole. Nako huko wanataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na kati ya hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, au Sayansi ya Uhandisi badala ya Fizikia. Kwa hiyo mjomba, kwa mstari mmoja, alimchagulia mtoto kazi na papo hapo akamfungia njia zote mbili za kuifikia.

Ndiyo maana tunawaomba wazazi wapange masomo kwa kuanzia mwisho. Anzeni na kozi ambayo mtoto anaitamani, hata kama ni mbili tatu. Tazameni kozi hiyo inataka masomo gani kidato cha sita, au kidato cha nne kama ni ya stashahada. Kisha rudini nyuma hadi kidato cha tatu muone ni lipi haliwezi kuachwa. Anayewaza uhandisi hataepuka Fizikia na Hisabati, awe anakwenda PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au anaomba Chuo cha Ufundi Arusha moja kwa moja baada ya kidato cha nne. Anayewaza sheria au ualimu wa lugha ana nafasi pana zaidi ya kupunguza masomo ya sayansi, na sioni aibu yoyote katika hilo, ingawa kuna wazazi wanaoona mchepuo wa sanaa ni adhabu.

Kwa utaratibu tuliouzoea, masomo saba ni ya lazima hadi kidato cha nne: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Baiolojia, Historia, Jiografia na Uraia. Fizikia na Kemia husomwa na wote miaka miwili ya kwanza, kisha ndipo mtoto anaruhusiwa kuyaacha. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika hatua kwa hatua mwaka 2024, umebadilisha orodha hiyo, na sasa Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Elimu ya Biashara yamo kwenye masomo ya lazima. Umekuja pia na mkondo wa amali kwa shule zinazofundisha ufundi. Ndugu wawili wanaweza kuwa shule moja huku kila mmoja yuko kwenye mtaala wake, kwa hiyo msichukue orodha ya kaka mkampa mdogo wake. Ulizeni.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu zaidi sisi wa shule za Kanisa Katoliki, na ambalo sijaona likielezwa vya kutosha: somo la dini.

Watoto wetu wanasali, wana katekesi, wana TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, na wengi wao wanafanya mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wa Maarifa ya Biblia. Wanaufaulu vizuri, kwa sababu wamekaa na Injili tangu darasa la komunyo ya kwanza. Mzazi akiona A kwenye karatasi ya matokeo anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini katika sifa za kuchaguliwa kuingia kidato cha tano kuna maneno matatu mafupi ambayo watu huyaruka: "yasiyo ya dini". Mtoto anatakiwa awe na ufaulu wa A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini. Yale masomo manne ya stashahada ya utabibu niliyoyataja nayo ni yasiyo ya dini.

Chukueni mfano wa binti mwenye A ya Maarifa ya Biblia, B ya Kiswahili na C ya Kiingereza, na mengine yote ni D. Mama yake anahesabu krediti tatu, yaani C au zaidi. Anayechagua wanafunzi wa kidato cha tano anahesabu mbili. Binti amebaki nje, na tatizo halikuwa Biblia. Tatizo lilikuwa ile Historia iliyoishia alama 43 wakati C inaanzia 45, na usiku mmoja mmoja wa maandalizi ulioelekezwa kwenye somo alilokuwa tayari ameshaliweza.

Sisemi Maarifa ya Biblia liachwe. Mimi mwenyewe nalipenda, na kwa seminari ndogo suala hilo halipo kabisa, kwani kule hata Kilatini kina nafasi yake kwenye ratiba. Ninachosema ni kwamba lihesabiwe kuwa somo la nyongeza, juu ya yale yanayombeba mtoto. Na kwa wazazi Walutheri, Waislamu na wengine wanaotuamini na watoto wao, mjue kwamba kipindi cha dini kilichopo kwenye ratiba ya shule na mtihani wa NECTA wa Maarifa ya Biblia ni vitu viwili tofauti. Kuhudhuria cha kwanza hakumlazimishi mtoto kusajiliwa kwa cha pili. Jambo hili lizungumzwe na mkuu wa shule mapema, kabla ya usajili wa mwanzoni mwa kidato cha nne, maana majina yakishakwenda, kubadilisha somo ni shughuli nzito.

Hesabu ya pointi nayo ifahamike, kwa kuwa ndiyo lugha ya huko mbele. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Kwa kidato cha tano pointi zisizidi 25. Jaribuni wenyewe: C tatu ni 9, D nne ni 16, jumla 25 kamili. Mtoto mwenye C tatu na D nne amesimama ukingoni kabisa, na D moja ikigeuka F ameanguka. Kisha tahasusi yenyewe ina kipimo chake: masomo yake matatu yasizidi pointi 10, na kusiwe na F hata moja. C mbili na D moja zinatosha, ila C moja na D mbili hazitoshi.

Mwaka jana mzazi mwingine, ambaye dada yake yuko Marekani, alinitatiza kidogo. Alisema mpwa wake kule anasoma sekondari ya Kikatoliki na "anakusanya krediti", sasa wa kwake amekusanya ngapi? Neno ni moja, mambo mawili. Kule mwanafunzi hupewa krediti kwa kila kozi aliyoimaliza, akifikisha idadi iliyowekwa anahitimu, na katika shule nyingi za Kikatoliki somo la dini husomwa kila mwaka na ni sehemu ya masharti ya kuhitimu. Zipo pia zinazodai saa kadhaa za kujitolea kwenye jamii. Hapa kwetu krediti ni C au zaidi kwenye mtihani wa taifa. Hakuna anayekukusanyia kidogo kidogo kwa miaka minne.

Hilo ndilo linalofanya mahafali yetu yawadanganye watu. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa Novemba. Misa imeshasomwa, pilau imeliwa, mtoto amevishwa mataji ya maua shingoni hadi haoni mbele, na mtihani bado haujaguswa. Cheti anachopewa siku ile ni cha shule. Cha NECTA kinasubiri.

Niseme pia yanayotuhusu sisi walimu, maana si haki kumsema mjomba peke yake. Mtoto anaacha Fizikia kwa sababu inamshushia wastani, na wastani huo mara nyingi umewekwa na shule. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo wanafunzi wa kidato cha pili walishauriwa kwa upole, mmoja mmoja, waache somo gumu ili matokeo ya shule yapendeze getini. Tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, NECTA haitaji tena shule kumi bora, lakini mabango bado yanachapwa. Wizara ya Elimu nayo imekemea mara kadhaa shule binafsi zinazowaondoa watoto kwa sababu ya wastani wa ndani. Mzazi ukiambiwa mtoto aache somo, una haki ya kuuliza: ni kwa faida ya nani? Ukijibiwa kwa takwimu za shule badala ya njia ya mtoto, kaa chini, usisaini.

Kidato cha tano chenyewe kimepanuka. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, na kati ya hizo 49 ni mpya, zikiwemo za michezo, sanaa na dini. Uzuri wa hilo ni kwamba mtoto wa lugha au muziki hahitaji tena kujibana kwenye HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kwa kukosa pengine. Ubaya ni kwamba si kila shule inazifundisha, kwa hiyo kabla ya kuipenda tahasusi ulizeni inapatikana wapi. Machaguo mtoto anayojaza akiwa kidato cha nne hayajafungwa kwa kufuli. Matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayowapangia watoto shule, huwa inafungua muda wa kuyabadilisha kwenye mtandao, nao hupita upesi.

Jambo dogo linalotutesa kila mwaka ni majina. Mzazi anakuja na cheti cha ubatizo kinachosema Yohane, cheti cha kuzaliwa kinasema John, shule ya msingi ilimwandika Johnson. Jina litakaloingia NECTA ndilo litakalomfuata hadi kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambako cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa vizazi na vifo. Yapatanisheni angali kidato cha pili. Paroko hawezi kuwasaidia katika hili, nendeni RITA.

Turudi kwa mama wa Kiboriloni. Nilimwomba ampigie kaka yake, tukaweka simu mezani ikiwa na sauti ya juu. Nilipomaliza kueleza habari za PCB, kimya kilikuwa kirefu hadi mama akaangalia kama mtandao umekatika. Kisha mjomba akauliza, "Kwani huko Fizikia alipata ngapi?" Kwenye mtihani wetu wa mwisho wa mwaka alikuwa amepata 41. Alama nne tu na angekuwa na C.

Kijana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na hakuna aliyekuwa amemuuliza neno, mimi nikiwemo. Nilipomuuliza alisema somo lenyewe halimshindi, ila mada ya umeme ilifundishwa alipokuwa nyumbani anaumwa, akaona haya kuomba arudiwe. Tukaandika Fizikia kwenye fomu, mama akasaini, kijana akasaini, na mwalimu wa Fizikia akampa Jumamosi mbili baada ya usafi.

Kwenye jaribio la Machi alipata 47. Kemia ndiyo iliyoshuka, na tumeshamwita tena.