Chaneli ya redio ya CB haina mwenyewe

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: eti kwenye redio za CB, yaani redio za raia za kuongelea masafa mafupi kwa kubonyeza kitufe, aliyeitumia chaneli kwa miaka mingi ndiye mwenye nayo, na mgeni hana haki ya kuongea mpaka aruhusiwe naye. Si kweli.

Nchini Marekani redio hizi zina chaneli 40, kwenye masafa ya karibu megahezi 27. Kanuni zinasema wazi kuwa zote ni za kushirikiana. Hakuna anayegawiwa ya kwake. Chaneli ya 9 ndiyo iliyotengewa dharura na msaada kwa wasafiri.

Nadhani watu huchanganya desturi na sheria. Madereva wa malori wengi husikika chaneli ya 19, lakini hayo ni mazoea tu. Tena kuna adabu ya kusikiliza kwanza, kungoja wanaozungumza wanyamaze kidogo, kisha kuomba nafasi. Anayesikia maombi hayo hudhani anaombwa mwenye mali. Kumbe ni hodi tu, na sababu yake ni ya kiufundi: wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, sauti hugongana, mara nyingi kwa mlio mkali, na hakuna anayeeleweka.

Ukitaka kuhakiki, soma kanuni za redio za nchi yako, sehemu ya matumizi ya chaneli, maana nchi hutofautiana. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Unawatia hofu wanaoanza, wakaizima redio kabla hawajasema neno.