BTS: yale watu wanayosema na ukweli wenyewe

Kila nikitaja kwamba nasikiliza BTS, lile kundi la wavulana saba wa Korea Kusini, naambiwa maneno yaleyale, basi leo nimeona niyajibu yote kwa mpigo.

La kwanza, na ndo linaloniuma zaidi, eti wametoboa duniani kwa sababu walianza kuimba Kizungu. Hapana jamani. Ngoma yao ya kwanza iliyoimbwa yote kwa Kiingereza ni Dynamite, ilitoka Agosti 2020, wakati huo wako kwenye gemu miaka saba tayari! Albamu ya Love Yourself: Tear ilikuwa ya Kikorea na ilishika namba moja Billboard 200, chati ya albamu kule Marekani, mwaka 2018, hakuna wasanii wa Korea waliowahi kufika pale kabla yao, halafu Juni 2019 wakajaza uwanja wa Wembley kule London siku mbili mfululizo. Na baada ya Dynamite, mwaka uleule, wakatoa Life Goes On ambayo karibu yote ni Kikorea ikaingia namba moja kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani.

Sasa hapo wengine wanageuka, eti mnasikiliza vitu hamvielewi. Wazee wetu wamecheza Lingala miaka nenda rudi, wangapi walijua Franco anasema nini? Ila sisi kwa kweli tunaelewa, maana ndani ya ARMY, yaani sisi mashabiki wa BTS, kuna watu wanakesha wakitafsiri mistari kwa lugha kibao, tena hawaishii kwenye maneno, wanakueleza na kilichopo nyuma yake. Chukua wimbo wao wa Ma City, J-Hope wa kundi hilo anachana anataja 062-518, ukisikia juu juu unaona ni namba ya simu tu, kumbe 062 ndo namba za mwanzo za simu za Gwangju, mji wa Korea Kusini alikozaliwa, na 518 ni tarehe 18 mwezi wa 5, siku ambayo mwaka 1980 watu wa Gwangju walianza kuandamana kudai demokrasia na jeshi likawaua. Mi hiyo historia nimeijua kwa mstari mmoja wa wimbo, shule hatukuigusa kabisa.

Wapo wanaosema ni kampuni tajiri ndo iliwatengeneza. Kampuni kubwa za K-pop, muziki wa pop wa Korea, enzi hizo zilikuwa SM, YG na JYP, Big Hit iliyowasimamia BTS ilikuwa kampuni ndogo tu wakati wanaanza rasmi tarehe 13 Juni 2013. Suga, mwingine wa kundi, akiwa bado kwenye mafunzo ya usanii alikuwa anapeleka vyakula kwa pikipiki apate hela, akapata ajali bega likaumia, na bega hilo likamsumbua mpaka akafanyiwa upasuaji Novemba 2020. Na kuandika wanaandika wenyewe, RM, Suga na J-Hope, wote wa kundi, wamo kwenye uandishi tangu No More Dream, wimbo wa kijana anayesukumwa asome tu wakati hata ndoto yake mwenyewe haijui. Dynamite kweli waliandikiwa, hilo sikatai.

Eti mashabiki ni vibinti vya shule tu? Juni 2020 kundi lilitoa dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, harakati za kupinga ubaguzi dhidi ya watu weusi, mashabiki nao wakachangishana wakafikisha kiasi hichohicho ndani ya kama siku moja. Wamo wa kila umri.

Halafu lile la jeshi, maana Korea Kusini wanaume wanalazimika kutumikia, kwamba serikali iliwasamehe. Sheria iliyobadilishwa 2020 iliwaruhusu kuchelewa mpaka miaka 30 tu, kusamehewa hawakusamehewa, na wote saba wametumikia, Jin, mkubwa wao kwa umri, akaanza Desemba 2022 na wa mwisho kumaliza ni Suga, Juni 2025, yeye alipangiwa utumishi wa kijamii. Jin alitoka jeshini tarehe 12 Juni 2024, na kesho yake kundi linatimiza miaka 11, hakwenda kupumzika, alisimama Seoul akawakumbatia mashabiki elfu moja, mmoja mmoja.