Nyama au Mboga: Ukiondoa Kimoja Sahanini, Unaweka Nini?

Neno “mla mboga” limebeba watu wa aina nyingi. Yupo asiyekula nyama wala samaki, lakini maziwa na mayai anayatumia. Yupo pia asiyegusa chochote kilichotoka kwa mnyama, hata asali. Mahitaji ya mwili wao hayafanani, na majibu mengi hapa chini yanategemea wewe ni yupi kati yao. Amua hilo kwanza, ndipo usome.

Kati ya anayekula nyama na asiyekula, nani ana afya bora?

Inategemea unazungumzia ugonjwa gani. Utafiti wa Uingereza uitwao EPIC-Oxford uliwafuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa takriban miaka 18. Matokeo yake ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa wala mboga walipata ugonjwa wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa kwa asilimia 22 chini ya wala nyama. Hao hao, hata hivyo, walipata kiharusi kwa asilimia 20 zaidi, hasa kile cha damu kuvuja kwenye ubongo. Asilimia hizo zinatisha au kufurahisha kuliko inavyostahili, kwa hiyo tuziweke kwa hesabu ya watu: katika kila watu 1,000 kwa miaka 10, wagonjwa wa moyo walipungua kama 10, na wa kiharusi wakaongezeka kama 3. Mwaka 2020 watafiti wa kundi hilohilo walionyesha kuwa wasiokula chochote cha mnyama walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wala nyama.

Marekani na Kanada, utafiti wa Waadventista Wasabato zaidi ya 70,000 uliotolewa mwaka 2013 ulikuta vifo vya wala mboga vikiwa pungufu kwa asilimia 12. Ni habari njema, ila wala mboga katika tafiti za namna hii mara nyingi ni watu wanaofanya mazoezi zaidi, wasiovuta sigara na wenye uzito wa wastani. Watafiti hujaribu kuyachuja hayo kwenye hesabu, na hawawezi kuyachuja yote.

Sisi tunaona swali lenyewe limekaa upande. Chipsi, soda, biskuti na mkate mweupe navyo havina nyama. Aliyeacha nyama akajaza nafasi yake kwa vitu hivyo hajapata faida yoyote iliyoonekana kwenye tafiti. Aliyejaza nafasi hiyo kwa maharage, nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na karanga ndiye anayezungumziwa.

Nyama ina ubaya gani hasa?

Tenganisha nyama za aina tatu: ya kusindika (soseji, bekoni, salami na nyama za kopo), nyekundu (ng’ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe) na nyeupe (kuku na ndege wengine).

Oktoba 2015, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka nyama ya kusindika katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na nyama nyekundu katika kundi la “huenda inasababisha”. Kwa kuwa tumbaku nayo imo kundi la kwanza, wengi walielewa kwamba soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi. Ukubwa wa hatari ni jambo jingine. Gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku, kiasi cha soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Tuseme katika watu 100, watano wangeupata ugonjwa huo maishani mwao. Wote wakila kiasi hicho kila siku, idadi inasogea kuelekea sita.

Mambo kadhaa huchangia. Chumvi za naitraiti zinazohifadhi nyama ya kusindika huweza kugeuka tumboni kuwa kemikali zinazoharibu chembe za utumbo, na chuma kilicho ndani ya nyama nyekundu huchochea mageuzi hayo. Mafuta mazito ya nyama hiyo hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, na nyama ya kusindika huongeza chumvi nyingi inayopandisha shinikizo la damu. Upishi nao una sehemu yake: nyama ikiungua juu ya moto mkali, ile sehemu nyeusi huwa na kemikali ambazo hazikuwemo ilipokuwa mbichi.

Nikiamua kubaki na nyama, nile kiasi gani?

Nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikipimwa baada ya kupikwa. Mbichi ni kama gramu 525 hadi 750, kwa sababu nyama hupoteza maji jikoni. Igawe mara tatu kwa wiki, kila mara kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole. Ya kusindika iwe kitu cha nadra kabisa.

Chagua sehemu isiyo na mafuta, ondoa ngozi ya kuku, chemsha au pika kwa moto wa wastani zaidi ya kuchoma, na kilichoungua kikate ukitupe. Nyama ya kusaga iive hadi ndani, kufikia nyuzi joto 71, na kuku nyuzi 74, la sivyo bakteria hubaki hai. Samaki ni mbadala mzuri kuliko wote, hasa wenye mafuta kama dagaa na salmoni, mara mbili kwa wiki.

Bila nyama, protini nitaitoa wapi?

Hili ndilo watu hulihofia zaidi, na ndilo lenye tatizo dogo zaidi. Mtu mzima mwenye afya anahitaji gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 kwa siku. Kikombe cha dengu zilizoiva kina gramu 18, cha maharage kama 15, cha maziwa 8, na yai moja 6. Vikombe viwili vya kunde za aina yoyote (dengu, maharage na jamii zake) pamoja na nafaka za kawaida za siku nzima vinafikisha hesabu hiyo bila shida.

Nafaka zina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino (vijenzi vya protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na jamii ya kunde ina laisini tele. Kunde nazo zina upungufu wa methionini, asidi amino nyingine, ambayo nafaka inayo. Vikiliwa vyote viwili vinakamilishana. Si lazima viwe kwenye sahani moja. Asubuhi kimoja na jioni kingine yatosha.

Na madini ya chuma?

Hapa hesabu inabadilika. Kikombe cha dengu kina chuma miligramu 6.6, zaidi ya kipande cha nyama. Lakini chuma cha nyama hunyonywa kwa asilimia 15 hadi 35, wakati cha mimea hunyonywa kwa asilimia 2 hadi 20. Ndiyo maana mla mboga hushauriwa kulenga mara 1.8 ya kiasi cha mla nyama: mwanamume miligramu 14 badala ya 8, na mwanamke anayepata hedhi miligramu 32 badala ya 18.

Kati ya asilimia 2 na 20 kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo unaiamua wewe. Vitamini C kwenye mlo huohuo huongeza unyonyaji sana: chungwa, pera, juisi ya limau, pilipili hoho mbichi. Chai na kahawa huupunguza, kwa hiyo zinywe saa moja kabla au baada ya kula. Tukilazimika kuchagua badiliko moja tu kwa mwanamke asiyekula nyama, tungechagua hili la chai. Vidonge vya kalsiamu pia vimezwe mbali na mlo wenye chuma. Kuloweka, kuotesha au kuchachusha nafaka na kunde hupunguza fitati, kemikali ya mimea inayoshika chuma na zinki visinyonywe.

Vidonge vya chuma usivinunue kwa kubahatisha, hasa ukiwa mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Kikirundikana huharibu ini na moyo.

Vidonge vya vitamini B12 ni lazima kweli?

Kwa asiyekula chochote cha mnyama, ni lazima, na hapa hatuna jibu la pili. B12 hutengenezwa na bakteria na hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina. Spirulina na mwani mwingine mwingi unaouzwa kama chanzo chake huwa na kitu kinachofanana nayo ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia, na baya zaidi, baadhi ya vipimo vya damu hukihesabu kama B12 halisi.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Ini huhifadhi akiba ya miaka miwili hadi mitano, na akiba hiyo ndiyo inayowaponza watu. Mtu anaacha nyama, maziwa na mayai, mwaka wa kwanza anajisikia vizuri, wa pili vilevile, anaamini hahitaji kidonge. Kisha nyayo zinaanza kufa ganzi au kuchomachoma kama sindano, ulimi unakuwa laini na kuuma, kumbukumbu inapungua, mwendo unayumba. Damu ikirekebishika kwa matibabu, mishipa ya fahamu iliyoumia kwa muda mrefu huenda isirudi kama zamani.

Kuna mtego mwingine. Mla mboga hupata foleti (vitamini B9) nyingi kwenye majani na kunde. Foleti huzuia upungufu wa damu ambao ungekuwa onyo la mapema, na huku nyuma uharibifu wa mishipa ya fahamu unaendelea.

Kiasi kinachofaa kumezwa ni mikrogramu 25 hadi 100 kila siku, au 1,000 mara mbili au tatu kwa wiki. Inaonekana nyingi mno ukilinganisha na 2.4, lakini utumbo hupokea kama mikrogramu 2 tu kwa mara moja kupitia njia yake ya kawaida. Kinachobaki hupenya kwa takriban asilimia moja. Anayekunywa vikombe viwili vya maziwa kwa siku na kula mayai kwa kawaida hufikia kiwango. Anayetumia metformini kwa kisukari au omeprazole kwa asidi ya tumbo, kwa muda mrefu, yuko hatarini hata akila nyama kila siku.

Kuna kingine cha kuangalia?

Kalsiamu: miligramu 1,000 kwa siku. Spinachi inayo nyingi lakini oksaleti zake, kemikali nyingine ya mimea, huifunga, ukanyonya kama asilimia 5 tu. Ya maziwa hunyonywa kama asilimia 30. Mboga za jamii ya kabichi ni bora, pamoja na maziwa ya soya yaliyoongezewa kalsiamu. Yatikise kabla ya kumimina, maana hukaa chini.

Madini joto: tumia chumvi iliyoongezewa madini hayo. Chumvi nyingi za mawe na za bahari zinazosifiwa kwa uasilia wake hazina ya kutosha. Mafuta ya omega-3: kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za kitani kila siku, zikiwa zimesagwa, kwa sababu nzima hupita tumboni zilivyo.

Nani asikurupuke kuacha nyama?

Mtoto wa miezi 6 hadi 23. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka apate nyama, samaki au mayai kila siku. Tumbo lake ni dogo. Kunde na nafaka hulijaza kabla hajapata chuma na zinki za kutosha. Mama anayenyonyesha na asiyekula chochote cha mnyama akikosa B12, maziwa yake nayo huikosa, na mtoto anaweza kudumaa akili na misuli ndani ya miezi michache, kabla mama mwenyewe hajaona dalili. Mjamzito anahitaji chuma miligramu 27, na maini ayaepuke kwa sababu ya vitamini A iliyozidi. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo. Mwenye ugonjwa wa figo asibadili mlo bila mtaalamu, maana kunde zina potasiamu nyingi, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa.

Mwenye jongo hufaidika akipunguza nyama nyekundu. Maharage hayana haja ya kuogopwa.

Kunde hunijaza gesi. Nifanyeje?

Anza na nusu kikombe kwa siku na uongeze polepole kwa wiki mbili au tatu, huku ukinywa maji zaidi. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji, weka mapya. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 nzima, kisha yaendelee hadi yalainike. Yana sumu inayoharibiwa na mchemko pekee. Jungu la umeme la moto mdogo halifiki joto hilo, na matokeo yake ni kutapika vibaya saa chache baada ya kula.

Nipime nini, na lini?

Picha kamili ya damu, feritini (kipimo cha akiba ya chuma) na B12, kabla ya kuanza na tena baada ya mwaka. Ukiwa tayari na ganzi miguuni usingoje mwaka: nenda kapime B12 sasa, na damu itolewe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa sababu vidonge hupandisha kiwango cha kwenye damu upesi na kuficha upungufu uliokuleta hospitali. Mweleze daktari kila dawa unayotumia na umeacha vyakula gani tangu lini.