Sachi iko safi, sawa, lakini kabla ya huyu muuzaji ploti ilikua ya nani?

Karibu kila wiki mtu anakaa mbele yangu hapa Mombasa, anatoa bahasha yenye sachi, ile karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha ploti ni ya nani, ananiambia wakili, sachi nishafanya iko safi, mi nataka tu uniandikie agrimenti nilipe. Naisoma na kweli iko safi, jina la muuzaji liko, hakuna deni la benki, hakuna zuio la mtu. Namuuliza, kabla ya yeye ilikua ya nani? Hapo anabaki kuniangalia.

Sachi rasmi inakuonyesha rejista inasema nini siku ile uliyoomba, basi. Kuna sehemu ya mali yenyewe, yaani namba, ukubwa, kama ni ya milele au ni ya lisi, yaani ya kukodishwa kwa miaka, na imebaki miaka mingapi, kuna sehemu ya mwenyewe, na kuna sehemu ya mizigo iliyo juu yake kama chaji ya benki na mazuio. Jina la mwenyewe liliingia vipi pale, hiyo haikwambii. Na kesi nyingi zinazoliza watu huku Pwani zimelala hapo hapo kwenye "liliingia vipi".

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema taito ni ushahidi kwamba wewe ndo mwenyewe, wengi wanasomea hapo wanafunga kitabu. Endelea chini kidogo. Kinasema taito inaweza kupingwa ikiwa kulikua na ulaghai na wewe umo, halafu kinaongeza, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Hiyo ya pili haiulizi kama wewe ulijua au hukujua, na naomba usiiruke.

Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ploti MN/I/6053 kule Nyali, upande wa bahari. Kaunti ilikua imevunja ukuta 2017 ikisema pale ni njia ya umma ya kwendea ufuoni. Kampuni ikajitetea kwamba imenunua kwa mtu aliyekua kwenye rejista, imelipa, taito iko. Mahakama ikarudi nyuma mpaka 1989, pale ardhi ilipogawiwa mara ya kwanza kwa rais wa wakati huo Daniel arap Moi, ikaona ilikua ardhi ya umma na utaratibu wa kuigawa haukufuatwa, kwa hivyo wote waliokuja baadae hawakua na kitu cha kuuziana. Toka siku hiyo mimi sikubali kufanya kazi kwa sachi ya ukurasa mmoja.

Sasa naomba historia yote, nakala za rejista zilizothibitishwa, kadi ya kijani kama ipo, yaani ile kadi ya rejista yenye orodha ya wamiliki wote, na kama ni ploti iliyokatwa kutoka kwa kubwa naitafuta taito mama na ile ramani ya mgawanyo. Taito zetu za zamani zenye namba za CR, za rejista ya Pwani, zingine zinarudi mpaka Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ambapo watu wa Pwani walitakiwa kwenda kudai ardhi yao iandikwe, na ile ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, ndo manake mpaka leo kuna mtu anaishi alipozikwa babu ya babu yake na anaitwa skwota. Kwa hivyo natoka ofisini naenda kwenye ploti pia, na sorveya akiangalia bikoni, yale mawe ya mipaka, mimi naongea na majirani. Makaburi, mnazi wa mtu, njia ya watu kupita, hayo hayako kwenye rejista.

Kuna mama mmoja pesa yake ilikua ya miaka 11 ya kazi za ndani Jeddah. Sachi safi, broka anapiga simu asubuhi na jioni eti kuna mteja mwingine na kesho analipa. Nikapata kadi ya kijani. Entri ya kwanza na ya pili mwandiko mmoja wa zamani, ya tatu ndo inamleta muuzaji wetu, wino mweusi zaidi, tarehe imebanwa pembeni. Nikafungua simu nikatafuta kalenda ya mwaka ule nikahesabu mara mbili. Jumapili. Ofisi ya ardhi ilipokea uhamisho siku ya Jumapili. Nikaomba fomu ya uhamisho, haipo, risiti ya ushuru wa stempu, ule unaolipwa ardhi ikihamishwa, haipo pia. Nikamwambia mama usitoe hata shilingi, akalia pale ofisini kwa sababu moyo wake ulishajenga kwenye ile ploti. Baadae warithi wa yule wa entri ya pili walikwenda kortini.

Watu wananiuliza sana kuhusu Ardhisasa, ule mfumo wa mtandaoni ulioanza Aprili 2021 na Nairobi. Naupenda, umepunguza foleni na faili kupotea, lakini entri mbovu ikiingizwa kwenye kompyuta inabaki mbovu, tofauti ni kwamba unaisoma vizuri.

Na kwa Mombasa ongeza nyumba bila ardhi. Kule Majengo na mitaa kama hiyo mtu ana nyumba yake halali kabisa lakini ardhi ni ya mwingine na anamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, kwa hivyo unaponunua uliza risiti za hiyo kodi na uonane na mwenye ardhi, ukinunua ukidhani umepata vyote viwili utakuja kuumia.

Pesa sasa. Kawaida ni asilimia 10 ya bei mwanzoni na siku 90 za kumaliza, na hiyo 10 ikae kwa wakili kwa niaba ya pande zote mbili, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Inayobaki haitoki mpaka niwe na taito orijino, uhamisho uliosainiwa, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, karatasi ya kaunti kwamba reti, yaani kodi zake za ardhi, zimelipwa, na kama ni lisi, kodi ya lisi pia. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi 6 toka agrimenti, vinginevyo makubaliano yote yanakufa. Wanunuzi wanaokopa, benki haitoi pesa siku hiyo, inatoa ahadi ya maandishi kupitia wakili wake kwamba italipa ikishasajiliwa, na wauzaji wengi wanaiogopa bure.

Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na unahesabiwa kwa thamani ya mthamini wa serikali, kwa hivyo kuandika bei ya uongo kwenye agrimenti hakukusaidii na siku ya kesi bei hiyo ndo itasomwa. Muuzaji naye ana kodi ya faida, asilimia 15 toka Januari 2023, ilikua 5, na wengi wanaisikia mara ya kwanza siku tunayomaliza, ndo tunakwama hapo wiki nzima.

Taito mpya ikitoka usikimbilie kuifungia kabatini. Omba sachi nyingine wiki hiyo hiyo, usome jina lako herufi kwa herufi na namba ya kitambulisho, na hiyo karatasi uiweke pamoja na taito.