Xfce na Mazingira ya Eneokazi katika Linux: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mwanafunzi wa kidato cha 5 katika maabara ya kompyuta ninayoitunza mjini Jinja aliniita akisema kompyuta yake imefutika. Ukanda wa chini wenye menyu, saa na orodha ya madirisha ulikuwa umetoweka, na kwenye skrini ilibaki picha ya mandhari peke yake. Mwalimu mwenzangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshatoa flashi mfukoni ili aufute mfumo mzima na kuusakinisha upya. Nilimwomba asubiri, nikabonyeza Alt na F2 kwa pamoja, nikaandika xfce4-panel katika kisanduku kilichofunguka, na ukanda ukarudi mahali pake. Insha aliyokuwa akiiandika mwanafunzi, ambayo alikuwa ameishusha chini ya ukanda huo, ilikuwa nzima.

Kompyuta zetu hutumia Linux, mfumo huria wa uendeshaji, pamoja na Xfce, ambayo ni mazingira ya eneokazi, yaani programu zinazoonyesha ukanda, menyu, madirisha na ikoni. Kosa lililokaribia kufanyika siku ile halikutokana na uzembe. Lilitokana na dhana ambayo nimeikuta kwa walimu, kwa mafundi na hata kwa watu waliotumia Linux kwa miaka kadhaa, na ndiyo maana nimeona niieleze pamoja na nyingine zinazofanana nayo.

Dhana: Eneokazi ndilo mfumo wa uendeshaji wenyewe

Mtu aliyezoea Windows huona menyu, ikoni, saa na mfumo wa uendeshaji kuwa kitu kimoja kisichotenganishwa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ambamo Linux imo, mambo hayakupangwa hivyo tangu mwanzo. Mfumo wa kuchora madirisha uitwao X ulianzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani, na toleo lake la 11, ambalo bado linatumika, lilitoka mwaka 1987. X hutoa uwezo wa kuchora kwenye skrini na kupokea mibofyo ya kipanya na kibodi, lakini haikuamuru dirisha liwe na sura gani wala menyu ikae wapi. Kazi hiyo iliachiwa programu nyingine, na ndipo mazingira ya eneokazi kama haya yalipozaliwa: mwaka 1996 Olivier Fourdan alianzisha Xfce, mwaka huohuo Matthias Ettrich akaanzisha KDE nchini Ujerumani, na mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico wakaanzisha GNOME.

Xfce yenyewe ni kundi la programu ndogondogo, na kila moja hufanya kazi yake peke yake. Xfwm4 husimamia madirisha, yaani huyawekea mpaka na kichwa, na kuyaruhusu yasogezwe. Xfce4-panel huonyesha ukanda. Xfdesktop huchora picha ya mandhari na ikoni zilizo juu yake. Thunar hufungua folda, xfce4-session huanzisha wenzake mtumiaji anapoingia, na xfconf hutunza mapendeleo yake. Programu mojawapo ikianguka, nyingine huendelea. Kichwa cha kila dirisha kikitoweka ghafla, maana yake ni kwamba xfwm4 imesimama. Maandishi yaliyo ndani ya madirisha hayo hayajaguswa.

Mgawanyo huo ndio unaoeleza pia kwa nini ukanda uliopotea huendelea kupotea hata baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa. Dirisha la Xfce la kutoka (logout) lina kisanduku kidogo cha kuhifadhi kikao, yaani hali ya programu zilizo wazi, kwa ajili ya safari ijayo. Mtu akitia alama hapo wakati ukanda haupo, Xfce kwa uaminifu kabisa itakumbuka hali hiyo na kuirudisha kesho yake. Dawa ni kuuanzisha ukanda kwa amri niliyoitaja, kisha kutoka huku kikao kikihifadhiwa upya, au kufuta vikao vilivyohifadhiwa katika folda ya .cache/sessions iliyo ndani ya folda ya mtumiaji. Sijawahi kuona kosa hili likihitaji kufomati diski.

Kutokana na mpangilio huo, kompyuta moja inaweza kubeba Xfce, GNOME na KDE Plasma kwa wakati mmoja, na mtumiaji akachagua anayoitaka kabla ya kuandika nenosiri. Hati na picha zake hubaki katika folda yake ya nyumbani, kwa hiyo anazikuta zilezile kokote anakoingilia. Vilevile Xfce haifungwi na Linux, kwani hufanya kazi pia juu ya FreeBSD, OpenBSD na NetBSD, mifumo mingine ya jamii ya Unix ambayo ina keneli, yaani kiini cha mfumo, tofauti kabisa.

Dhana: Kilicho chepesi ni duni, na Xfce ni ya wasio na uwezo

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu hapa Uganda shule nyingi hupewa au hununua kompyuta zilizokwisha kutumika, na watoto wanaozitumia huambiwa, wakati mwingine na watu wanaopaswa kujua, kwamba wanajifunzia kifaa cha muda mpaka kile cha kweli kitakapopatikana. Si kweli. Linus Torvalds, mwanzilishi wa keneli ya Linux, alihamia Xfce mwaka 2011 alipokataa mabadiliko ya GNOME 3, ingawa baadaye alirudi GNOME. Kali Linux, inayotumiwa na wataalamu wa usalama wa kompyuta duniani kote, iliifanya Xfce kuwa eneokazi lake la kawaida mwishoni mwa mwaka 2019. Watu hao hawakusukumwa na ufukara wa mashine.

Tutazame uwezo wenyewe. Vivuli na uwazi wa madirisha, mambo ambayo watu hudhani ni ya mazingira mazito pekee, vimo ndani ya xfwm4 tangu toleo la 4.2 la mwaka 2005, na vinaweza kuzimwa kabisa kwenye mashine dhaifu. Ukanda si lazima uwe mmoja: unaweza kuwa na kanda tatu, moja juu, moja pembeni na moja inayojificha, kila moja ikiwa na vipengele vyake.

Thunar ina chombo cha kubadilisha majina ya faili nyingi kwa mkupuo, na kwangu hicho peke yake kinatosha kuitetea Xfce mbele ya mtu yeyote. Wakati wa kusajili watahiniwa, kamera hutuachia picha zaidi ya 100 zenye majina ya tarakimu zisizoeleweka. Unazichagua zote, unafungua chombo hicho, unaweka jina la mkondo na namba zinazoongezeka moja baada ya nyingine, au tarehe ambayo picha ilipigwa, na kabla ya kukubali unaonyeshwa jina la zamani na jipya ubavu kwa ubavu. Kazi ya mchana mzima huisha kwa dakika chache. Thunar humruhusu pia mtumiaji kuongeza vitendo vyake mwenyewe katika menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya, kwa mfano kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma, na tangu toleo la 4.18 la Desemba 2022 inaweza kugawa dirisha mara mbili na kutengua kitendo kilichofanywa kimakosa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wenye vikompyuta vya skrini fupi wangefurahi kulijua mapema. Dirisha la mipangilio likiwa refu kuliko skrini, kitufe cha kukubali hufichika chini na mtu hubaki amekwama. Shikilia Alt, bofya popote ndani ya dirisha na ulivute juu. Litapanda mpaka kitufe kionekane. Maeneo ya kazi nayo, yaani skrini za kufikirika ambazo mtu huhama kutoka moja hadi nyingine, na ambayo kwa kawaida ni manne, humwezesha mwalimu kuacha orodha ya alama katika eneo moja na kuonyesha somo katika jingine bila darasa kuona alama za mtu.

Dhana: Xfce itaifanya kompyuta yoyote ya zamani iwe na kasi

Hapa kosa limeegemea upande wa pili, na wanaolifanya ni sisi tunaoipenda. Ni kweli kwamba Xfce ikiwa imetulia hutumia kumbukumbu ya RAM kidogo kuliko GNOME, kwa kawaida mamia machache ya megabaiti kulingana na mfumo ulio chini yake. Lakini kivinjari kikifunguliwa na kurasa tano, hesabu hiyo yote humezwa. Ukurasa wa mtandao una uzito uleule katika Xfce, KDE au GNOME, kwa kuwa eneokazi halihusiki na kilichomo ndani yake. Kompyuta yenye gigabaiti 2 za RAM itaandika barua, itafanya hesabu na kucheza video iliyohifadhiwa bila matatizo, ila haitavumilia kivinjari chenye kurasa 20. Fedha kidogo ikipatikana, inunue diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka) na RAM ya ziada kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa diski ya zamani inayozunguka ndiyo mara nyingi inayomfanya mtumiaji asubiri.

Dhana: Programu za KDE hazifanyi kazi ndani ya Xfce

Zinafanya kazi. Tangu mwaka 2000 mradi wa freedesktop.org umeweka kanuni za pamoja kuhusu menyu, ikoni na ubao wa kunakilia, ndiyo sababu programu iliyotengenezwa kwa ajili ya eneokazi moja hujitokeza yenyewe katika menyu ya jingine. Tofauti utakayoiona ni ya sura, na ya bando: programu ya kwanza ya KDE huja na maktaba zake nyingi (mafaili ya msimbo ambayo programu huyategemea), na upakuaji huo ni mzito kwa anayenunua data kwa siku.

Dhana: Ujio wa Wayland umeiua Xfce

Wayland ni mfumo mpya wa kuonyesha madirisha ulioanzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg ili kuchukua nafasi ya X, na GNOME pamoja na KDE zimekwisha kuupokea. Xfce imekwenda polepole, jambo ambalo si sawa na kufa. Toleo la 4.20, lililotoka Desemba 2024, linaruhusu sehemu zake nyingi kufanya kazi juu ya Wayland kwa njia ya majaribio, isipokuwa xfwm4, ambayo nafasi yake hushikwa na programu nyingine kama labwc. Kwa maabara ya shule ningeshauri kubaki na X kwa sasa. Inafanya kazi, na hakuna mtihani utakaokwama kwa sababu yake.

Dhana: Mazingira haya ni ya Kiingereza pekee

Programu huria ziliandikwa kwa namna ambayo maneno yanayoonekana na mtumiaji hutengwa na msimbo, ili mfasiri ayafasiri bila kuwa mtaalamu wa programu. Sentensi isiyofasiriwa huonekana kwa Kiingereza, na iliyobaki huendelea katika lugha iliyochaguliwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini, kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa hiyo njia ilikwisha kufunguliwa zamani.

Sisi wa Uganda tuna pengo letu mahususi. Maktaba ya C ya GNU, ambayo Linux nyingi huitegemea kwa lugha, tarehe na fedha, ina faili ya Kiswahili cha Kenya, sw_KE, na ya Kiswahili cha Tanzania, sw_TZ. Uganda imo kwa Luganda, lg_UG. Anayetaka saa ya ukanda wa Xfce imwandikie Jumatatu badala ya Monday hulazimika kuchagua nchi ya jirani, na programu inayouliza mfumo kuhusu fedha hupewa shilingi isiyo yetu. Inawezekana kuchanganya, kwa kuweka LANG, kigezo cha lugha, kuwa sw_KE.UTF-8 na LC_MONETARY, kigezo cha fedha, kuwa lg_UG.UTF-8, na ndivyo nilivyofanya kwenye mashine zote za maabara yetu. Faili hizo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa kihariri chochote: majina ya siku na miezi kwa Kiswahili yamo tayari katika zile mbili za jirani, na alama ya fedha ya Uganda imo katika lg_UG, hivyo sw_UG inaweza kuandikwa na mtu mmoja mwenye subira kwa kuunganisha vipande ambavyo tayari vipo.